Kuunganisha picha za fokasi ili ua zima liwe wazi: jibu kwa msomaji wa Moshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kitalu cha maua hapa Kiboriloni, Moshi, na mteja wangu mmoja ameniomba picha za maua kwa ajili ya kalenda ya ukutani ya ukubwa wa A2. Ninatumia kamera ya Canon EOS 700D, lenzi ya makro ya milimita 100 na tripodi. Nikipiga hibiskasi kwa f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo sana; kadiri namba ya f inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo), ncha ya mbele inaonekana lakini petali za nyuma zina ukungu, na hata ncha yenyewe haina ukali wa kuridhisha. Nilijaribu kupiga picha nyingi, kila moja ikiwa na fokasi (sehemu iliyo kali) mahali tofauti, na kuziunganisha kwa programu, kingo zikatoka na kivuli cha pili, kama ua limechorwa mara mbili. Ninakosea wapi? Au ninunue kamera mpya inayofanya kazi hiyo yenyewe?

Jibu: Marahaba. Nianze na la mwisho: usinunue kamera mpya kwa sababu hii. Ni kweli kwamba zipo kamera, kama vile Nikon D850 ya mwaka 2017, Canon EOS RP ya mwaka 2019 na nyingine nyingi zilizofuata, ambazo husogeza fokasi zenyewe hatua kwa hatua huku zikipiga picha, na hupunguza kazi. Lakini kivuli unachokiona kingejitokeza vilevile katika kamera hizo, kwa kuwa chanzo chake ni kutikisika kwa ua, urefu wa hatua kati ya picha moja na nyingine, na umbo la hibiskasi lenyewe. Programu ya kuunganisha haitengenezi ukali. Inachofanya ni kuchagua, kipande kwa kipande, ile picha iliyokuwa kali zaidi mahali hapo. Ikiwa hakuna hata picha moja iliyonasa sehemu fulani ikiwa kali na ikiwa mahali pake, programu haina cha kuchagua, na hapo ndipo huanza kubahatisha.

Tuiangalie kwanza hiyo f/22, kwa sababu wengi huikimbilia. Kitambuzi cha 700D, yaani kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kina upana wa milimita 22.3. Hibiskasi ya kawaida ina upana wa sentimita kumi hivi, kwa hiyo ukiijaza fremu, huku kingo za petali zikikatwa, inaangukia kwenye kitambuzi ikiwa na takriban robo ya ukubwa wake halisi, na huo ndio ukuzaji wa 0.25. Kina cha fokasi katika picha za karibu hupatikana kwa kuzidisha mbili kwa namba ya f, kisha kwa upana wa ukungu unaovumilika kwenye kitambuzi, kisha kwa ukuzaji ulioongezwa moja, na jibu kugawanywa kwa ukuzaji uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa kitambuzi cha ukubwa wa chako, ukungu unaovumilika huchukuliwa kuwa milimita 0.02. Weka f/22 na ukuzaji wa 0.25, utapata milimita 17.6. Mhimili wa katikati wa hibiskasi, ule unaobeba stameni (nyuzi zenye chavua) na kuishia na stigma tano (vifundo vya nchani), unaweza kujitokeza sentimita saba mbele ya petali. Maana yake ni kwamba hata ukibana tundu la lenzi mpaka mwisho wa subira yako, unapata robo tu ya kina cha ua.

Na robo hiyo yenyewe unailipia. Mwanga unaopita katika tundu dogo hutawanyika, na kila nukta ya ua hugeuka kuwa duara dogo kwenye kitambuzi. Wataalamu wa fizikia huliita jambo hilo difraksheni. Tena katika picha za karibu tundu hufanya kazi kana kwamba ni dogo kuliko namba unayoisoma: namba ya f huzidishwa kwa moja pamoja na ukuzaji, hivyo f/22 yako kwa ukuzaji wa robo ni kama f/27.5. (Kamera za Nikon zikiwa na lenzi zao za makro huonyesha namba hiyo inayopanda, Canon huonyesha ileile uliyoiweka, na ndiyo maana watumiaji wengi wa Canon hawana habari kwamba inabadilika.) Duara la difraksheni kwa f/27.5 lina upana wa takriban maikroni 37 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati pikseli moja ya kamera yako ina maikroni 4.3. Sasa chukua chembe moja ya chavua ya hibiskasi, ambayo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, tuseme maikroni 150. Ikipunguzwa kuwa robo, inakalia takriban maikroni 37 kwenye kitambuzi. Yaani ukungu wa f/22 unalingana na chembe yenyewe, ndiyo maana chavua zako zinaonekana kama unga uliolowa badala ya punje moja moja. Kwa f/8 duara hilo hushuka hadi maikroni 13, na punje zinaanza kujitenga. Kwa kazi hii basi piga kwa f/8, au f/5.6 ikiwa ua halina kina kirefu, na kina cha fokasi kitafute kwa wingi wa picha.

Wingi gani? Hapa ndipo wengi wanaoanza hukosea, kwa sababu hukisia. Kwa f/8 na ukuzaji wa robo, ile hesabu ya juu inatoa milimita 6.4, na mtu angeweza kudhani kwamba hatua za milimita tano zinatosha. Lakini ukungu wa milimita 0.02 umekadiriwa kwa picha ndogo za mkononi. Kalenda ya A2 ina upande mrefu wa milimita 594, kwa hiyo kitambuzi chako kitakuzwa zaidi ya mara 26, na ukungu huo utakuwa nusu milimita kwenye karatasi. Mtu anayesogea kuangalia tarehe atauona. Kwa hiyo punguza kiwango kiwe 0.01, kina kibaki milimita 3.2, na kwa kuwa kila picha lazima ipandane na jirani yake kwa theluthi moja au zaidi, tumia hatua ya milimita mbili. Ua la sentimita saba litahitaji picha 35, na uongeze mbili au tatu kabla ya ncha ya mbele na nyingine kama hizo nyuma ya petali ya mwisho. Tuseme 40. Ukiona ni nyingi, kumbuka kwamba picha ya ziada inakugharimu nafasi ya diski tu, ilhali hatua iliyorukwa huacha mistari ya ukungu ikipishana na mistari mikali kwenye mhimili, na hakuna programu inayoweza kuijaza.

Kupima hatua hakuhitaji chombo cha maabara. Chukua rula ya shule yenye mistari ya milimita, iegemeze kwa pembe ya digrii 45 mahali litakapokaa ua, kisha ilenge kwa ukuzaji uleule utakaoutumia. Utaona mistari michache ni mikali na iliyobaki inafifia juu na chini. Sogeza fokasi kidogo, upige tena, uhesabu mistari mikali imehama kwa kiasi gani, kisha uzidishe kwa 0.7 kwa sababu rula imelala mshazari. Ikihama mistari mitatu, umesogea milimita mbili na ushee, na hiyo ndiyo hatua yako.

Kusogeza pete ya fokasi kwa mkono kunawezekana. Bandika utepe wa karatasi kwenye pete, chora alama za kalamu, na usogeze alama moja baada ya nyingine. Lakini kila unapoigusa lenzi unaitikisa, na kwa picha 40 lazima itafika mahali mkono utapitiliza. Iliyo bora kwako ni programu ya EOS Utility, ambayo Canon huitoa bure. Unganisha kamera na kompyuta kwa waya wa USB, fungua mwoneko wa moja kwa moja (Live View), acha swichi ya lenzi kwenye AF (fokasi ya kujiendesha), na utaona vitufe vya mishale vya kusogeza fokasi mbele na nyuma kwa hatua za ukubwa wa aina tatu. Pima kwa rula kila aina inasogeza milimita ngapi. Huenda ukagundua kwamba hatua yako ni mibonyezo kadhaa ya kitufe kidogo. Andika idadi hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani, maana itabadilika kila ukibadilisha ukuzaji. Katika mipangilio ya kamera, hamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyota ili kitufe cha shata, kile cha kupigia picha, kisije kikatafuta fokasi yake chenyewe katikati ya kazi. Ipo pia Magic Lantern, programu huru inayowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na ambayo kwenye 700D inaweza kuendesha mfululizo mzima bila kompyuta. Haitoki Canon, hivyo anayeiweka hujibebea dhamana mwenyewe.

Utaambiwa ununue reli ndogo ya kusogeza kamera nzima mbele na nyuma. Kwa ukuzaji unaozidi 1, yaani ua likionekana kwenye kitambuzi kubwa kuliko lilivyo, reli ni bora. Chini ya hapo, kusogeza fokasi ya lenzi huleta shida ndogo zaidi ya kubadilika kwa mtazamo, na picha zako zote za kalenda ziko chini ya hapo. Iache dukani.

Sasa utulivu. Hibiskasi ni lako na liko kitaluni, kwa hiyo huna sababu ya kupigana na upepo: likate. Ua la hibiskasi huchanua kwa siku moja tu, na likikatwa asubuhi likiwa limefunguka kabisa hubaki wazi siku hiyo hata bila maji. Choma kikonyo chake kwenye kiazi mbatata kibichi kilichokatwa upande mmoja ili kikae imara mezani, liache litulie kwa muda, kwa sababu kikonyo kilichotoka kukatwa huendelea kuinama polepole bila wewe kuona. Meza na tripodi viwe juu ya sakafu ya saruji, feni izimwe, mlango ufungwe, na wewe mwenyewe usitembee shata ikiwa wazi. Kama nyumba iko karibu na barabara ya Himo, subiri lori lipite. Mwoneko wa moja kwa moja ukiwa umefunguliwa, kioo cha ndani ya kamera kimeshainuka, hivyo hakitatikisa. Baada ya kila hatua ya fokasi subiri sekunde mbili ndipo upige, kwa kitufe cha kompyuta au kwa kipima muda cha sekunde mbili.

Kila kitu kingine kiwe kimefungwa: hali ya M (unayoweka kila kitu mwenyewe), ISO 100 (kiwango cha wepesi wa kitambuzi kwa mwanga), mizani ya weupe isiyo ya kujirekebisha, faili ghafi za RAW. Mwanga wa dirishani ni mzuri kwa petali, lakini mawingu ya Moshi, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, hupita na kurudi, na ukianza mfululizo kuna jua na kuumaliza kuna kivuli, programu itashona mabaka ya rangi mbili kwenye petali moja. Siku ya namna hiyo funga pazia utumie taa za LED mbili zilizofunikwa kwa karatasi nyeupe, moja ikiwa karibu kuliko nyingine ili ua lisiwe bapa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Ukitumia kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde kila picha itakuwa na mwanga wake. Kwa shata ya robo sekunde au zaidi, mipepeso hiyo hujisawazisha yenyewe.

Jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha, nalo kwetu huku katika miezi ya kiangazi ni tatizo la kweli, ni vumbi kwenye kitambuzi. Katika picha moja, chembe ya vumbi ni doa hafifu unalolifuta kwa sekunde chache. Katika mfululizo, programu hukuza na kupunguza kila picha ili zilingane, kwa sababu ukubwa wa ua kwenye fremu hubadilika kidogo kadiri fokasi inavyosogea. Ua linabaki mahali pake, lakini doa, kwa kuwa liko kwenye kitambuzi na si kwenye ua, linahama. Matokeo yake ni mstari wa madoa madogo yanayokimbia kutoka katikati kuelekea pembeni, doa moja kwa kila picha. Kabla ya kuanza piga karatasi nyeupe kwa f/16, itazame kwenye kompyuta, na kama kuna madoa, pulizia kitambuzi kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo.

Ukishapata faili zako 40, rekebisha moja tu, kisha nakili marekebisho yaleyale kwa zote. Usiongeze ukali katika hatua hii, kwa sababu programu huchagua kwa kupima ukali, na ukiuongeza mapema utaifanya ihesabu chengachenga za ISO, yale madoadoa ya kitambuzi, kuwa sehemu ya ua. Toa faili za TIFF za biti 16. Kila moja itakuwa na takriban megabaiti 107, kwa hiyo mfululizo mmoja utakula zaidi ya gigabaiti nne. Kama kompyuta yako ni ya kawaida, fanya jaribio la kwanza kwa JPEG ndogo, na TIFF uziache kwa ajili ya mfululizo utakaoridhika nao.

Kuhusu programu za kuunganisha, Helicon Focus na Zerene Stacker ndizo zinazotumiwa zaidi na wapigapicha wa makro, zote zinalipiwa lakini zina siku 30 za majaribio. Photoshop inafanya pia, ingawa kwa picha nyingi inalemewa na haikupi nafasi ya kutosha ya kurekebisha. Asiyetaka kulipa atumie Hugin, ambayo ni bure na inakuja na vifaa viwili vinavyoendeshwa kwa amri. Fungua dirisha la amri katika folda ya picha, na uandike mistari hii miwili:

align_image_stack -m -a safu_ *.tif

enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask -o ua.tif safu_*.tif

Mstari wa kwanza unazipanga picha zikae juu ya mwenzake, na ile -m ndiyo inayoruhusu kila picha ikuzwe au ipunguzwe. Bila hiyo, kingo zote za nje zitakuwa na kivuli. Wa pili unaunganisha kwa kuangalia utofauti wa mwanga peke yake, bila kujali mwangaza wala rangi. Matokeo yake kwa maua mepesi yanashangaza kwa uzuri. Kwa hibiskasi lenye stameni zinazopishana, programu za kulipia zina faida moja kubwa: brashi ya kurekebisha, ambayo nitaieleza sasa hivi, kwa kuwa ndiyo dawa ya kivuli chako.

Vivuli viko vya aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Aina ya kwanza ni ya mtikisiko. Fungua picha mbili zinazofuatana kwa ukubwa kamili, zipishanishe kwa haraka kwenye kioo cha kompyuta, na utazame kingo. Fokasi inaposogea, ua litavuta pumzi kidogo, litakua au kupungua kwa usawa kutoka katikati. Hilo ni la kawaida na programu inalijua. Lakini ukiona stigma moja inaruka kulia wakati petali zimetulia, ua lilitikisika, na hapo hakuna mjadala: futa mfululizo, piga upya.

Aina ya pili haitokani na kosa lolote la mkono. Fokasi ikiwa kwenye petali za nyuma, mhimili wa mbele haupotei. Huvimba ukawa wingu laini na kufunika sehemu ya petali iliyo pembeni yake. Kwa lenzi ya milimita 100 kwa f/8, tundu lina upana wa milimita 12.5, na ikiwa stigma ziko sentimita saba mbele ya petali kwa umbali unaoutumia, wingu hilo linapanuka kwa makadirio ya milimita moja kila upande wa mhimili. Ndani ya ukanda huo hakuna picha hata moja iliyonasa petali ikiwa safi: picha za mbele zina petali yenye ukungu, na za nyuma zina petali kali iliyochanganyika na rangi ya mhimili. Programu inachagua mojawapo, na jicho linaona taji la kivuli. Milimita moja ni ndogo kwenye ua, lakini kwenye A2 inakuwa milimita sita hadi saba. Utaitambua aina hii kwa kuwa hutokea tu pale kitu cha mbele kinapopita juu ya kitu kilicho mbali nyuma yake, na hupungua taratibu ukifuata mhimili kuelekea shina lake, mahali unapokutana na petali.

Dawa ya kwanza ya taji hilo ni kuhamisha kamera. Hibiskasi likipigwa uso kwa uso ndilo gumu kuliko yote. Ukilizungushia pembeni hadi mhimili ulale mshazari ndani ya fremu, kina kinapungua, idadi ya picha inapungua nayo, na stigma zinasimama mbele ya anga tupu badala ya petali. Kwa maoni yangu ndiyo pembe nzuri zaidi ya ua hili hata bila kufikiria ufundi. Kama mteja anang'ang'ania uso kwa uso, bana tundu hadi f/11, wingu litapungua kwa zaidi ya robo, nawe utapoteza ukali kidogo ambao kwa kalenda unavumilika.

Dawa ya pili iko kwenye programu. Helicon ina njia tatu za kuunganisha zilizopewa herufi A, B na C, na Zerene ina mbili ziitwazo DMap na PMax. B na DMap huchora ramani ya umbali, nazo hutunza rangi na ulaini wa petali, lakini hujikwaa pale nywele na stameni zinapopishana. C na PMax hushika nywele zote, ila huongeza utofauti wa mwanga na chengachenga, na petali laini zinaweza kuonekana kama zimekwaruzwa. Unganisha kwa njia zote mbili. Chukua ile ya ramani kuwa msingi, kisha kwa brashi ya kurekebisha paka juu ya stameni kutoka ile nyingine, na kwenye ukanda wa taji paka kutoka katika picha moja ya asili ambayo petali yake iko karibu zaidi na ukweli. Pale ambapo hakuna picha iliyo safi, chagua petali yenye ukungu mwepesi kuliko yenye rangi ya mhimili, kwa maana mtazamaji husamehe ukungu ulio pembeni ya kitu kikali lakini hasamehi kivuli. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kupiga picha zenyewe, na usione kwamba umeshindwa ukijikuta umekaa nayo jioni nzima.

Usiunganishe kila kitu. Ukiendelea kusogeza fokasi hadi kwenye majani na ukuta ulio nyuma, utapata picha ambayo kila kitu kinagombania jicho, na ua halitoki. Simamisha mfululizo kwenye ukingo wa petali ya mwisho; ukiwa umepiga picha za ziada, ziondoe kabla ya kuunganisha. Hiyo ndiyo faida nyingine ya f/8: nyuma ya ua panabaki laini bila kuhitaji kitambaa.

Kwa maua usiyoweza kuyakata, masharti hulegea. Ukienda Kibosho au Marangu wakati kahawa imechanua, una siku mbili au tatu tu kabla maua hayajanyauka, na mlima una upepo wake: mchana hewa hupanda, usiku hushuka, na utulivu hupatikana pale zinapopokezana, alfajiri kuelekea saa kumi na mbili na nusu. Shikiza tawi kwa kijiti cha mwanzi na kibanio cha nguo nje ya fremu. Kishada cha kahawa hupigwa kwa ukuzaji wa nusu, ambapo hatua hushuka hadi milimita 0.6 kwa f/8, kwa hiyo hata kishada chenye kina cha sentimita mbili kinataka zaidi ya picha 30. Angalia pia weupe wa petali usiungue kwenye histogramu (ule mchoro wa mwangaza kwenye kamera), kwa sababu ulioungua hauna ukali wa kupimwa. Likiwa ni ua la Impatiens kilimanjari ndani ya msitu wa hifadhi, lile dogo jekundu lenye mkia uliojikunja ambalo halioti kwingine ila Kilimanjaro, usiliguse wala usilifunge. Piga picha nane au kumi kati ya tetemeko moja la jani na jingine, uunganishe uso wake tu na uuache mkia ufifie. Jirani zetu wa Usa River wanaopiga waridi ndani ya mabanda ya plastiki wana nafuu kubwa kuliko sote, maana upepo hauwasumbui.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji, kumbuka kwamba upangaji wa picha hula kingo, hivyo wakati wa kupiga acha nafasi pembeni, karibu moja ya kumi ya fremu. Utabaki na takriban pikseli 4,700 kwa upande mrefu, ambazo kwa A2 ni karibu nukta 200 kwa inchi, na kwa kalenda ya ukutani zinatosha. Ukali uongeze mwishoni kabisa, baada ya kuweka picha katika ukubwa wa kuchapishwa. Kisha kata kipande cha A4 kutoka ndani ya picha hiyo, kiwe na stameni na ule ukanda ulioupaka kwa brashi, umwombe mchapishaji akitoe kwa ukubwa uleule wa kalenda, na ukitazame nje ya duka kwenye mwanga wa mchana kabla ya kumruhusu atoe nakala zote.